Risala ya Komite ya Wazazi kwa Mgeni wa Heshima, siku ya proklamasio (kutangaza matokeo), komini ya Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Mbunge wa Mkoa, mgeni wetu wa heshima, Bwana Burgumestre, Mama Direkta, walimu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mnaongoja matokeo juani: jambo kwenu nyote.

Mheshimiwa, tunakushukuru sana kwa kufika. Tulikungoja tangu saa mbili na sasa ni saa tano na nusu, lakini barabara yetu tunaijua wenyewe. Anayefika Katuba kiangazi hiki na gari safi, basi amekuja na ndege.

Shule yetu ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Ilikuwa ndani ya mkoa wa Katanga, mwaka 1971 ikajikuta ndani ya Shaba, 1997 ikarudi Katanga, na tangu 2015 iko Haut-Katanga, nayo haijasogea hata mita moja. Yaliyosogea ni mabati, mara ya kwanza kwa upepo, mara ya pili kwa wezi. Historia tumeimaliza.

Kuhusu mafanikio, Mheshimiwa, tunayo mengi. Ukuta wa upande wa soko umechorwa na watoto wetu wenyewe, na leo watu wa taksi-basi wanautumia kama alama: «nishushe penye samaki». Kijana aliyemaliza hapa ameandika majina ya saluni tatu za kartie hii, kazi ambayo sisi tunaihesabu kuwa maonyesho ya kudumu. Kwaya yetu iliimba mbele ya viongozi wa komini, wakapiga makofi, wengine wakiwa wamesimama. Ni kweli kwamba viti havikutosha.

Sasa tuje kwenye neno lililotukutanisha.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye kiti hicho hicho unachokalia, alikaa mgeni mwingine. Jina lake hatulitaji, tumelelewa vizuri. Watoto walimchezea ngoma, akafurahi hata akavua miwani. Tukamsomea risala kama hii, tukaomba jambo moja: msanii wa kazi, anayelipwa, aje akae shuleni kwetu trimesta nzima. Akaandika kwenye kijitabu. Akasema, ndani ya siku tisini. Siku tisini zile, Mheshimiwa, zimeshapita mara kumi na mbili. Tuliandika barua nne. Tatu zilipigwa muhuri wa kupokelewa. Ya nne tuliambiwa mwenye muhuri amekwenda kula bukari.

Hatusemi kwamba hatukupata kitu. Tulipata sanduku. Ndani yake mlikuwa makopo 60 ya rangi ya guashi, yamekauka kama matofali. Tulipiga picha pamoja na sanduku, kama tulivyoambiwa. Tuliomba mtu, tukaletewa makopo.

Kilichofuata ndicho hasa tunachotaka ukisikie. Jirani yetu mmoja, mfua shaba, yule ambaye nyundo yake inasikika toka asubuhi nyuma ya kanisa, alipita akakuta watoto wanayacheza makopo yale kama mpira. Akaomba moja. Akalipasua, akamwaga mabonge juu ya kigae kilichovunjika, akayasaga kwa tako la chupa, akatia maji na gundi kidogo, akayafunika mpaka kesho. Kesho yake rangi ilikuwa hai. Akawaambia watoto kwamba guashi inashikwa na gundi inayoyeyuka majini. Ikikauka haikufa, imelala tu. Halafu akawapeleka kwenye kichuguu nyuma ya vyoo, wakachota udongo mwekundu, wakauchuja kwa kitambaa, wakapata rangi ya kumi na tatu ambayo haikuwa ndani ya sanduku.

Alirudi kila siku wiki tano. Hakuna aliyemwajiri. Asubuhi alikaa na watoto, mchana alifua sahani zake pale pale chini ya mwembe, na watoto waliokuwa wamemaliza darasa wakabaki kumtazama. Mwalimu wa darasa la nne, mwenye watoto 71, alihamishia somo la sehemu chini ya mwembe, kwa sababu bamba la shaba linakunjwa nusu, robo, sehemu ya nane, na kosa linaonekana kwa jicho. Komite ilimpa franka za usafiri kutoka pesa ya chaki. Wiki ya nne chaki zikaisha. Wiki ya sita akapata kazi ya kupaka depo ya vinywaji huko Likasi. Alikuja kuaga, nyundo mkononi. Hatukuweza kumzuia. Ana watoto, na watoto hawali guashi.

Tumesikia watu wakubwa wakisema kuwa kumlipa msanii akae shuleni ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kweli, Marekani mfuko wa taifa wa sanaa ulianza kulipa wasanii waingie mashuleni mwaka 1969. Lakini mji huu ulikuwa umetangulia kujua namna. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana yake hapa hapa, watu wakaiita Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wazinakili. Aliwapa chumba, vifaa na muda. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha shule ya sanaa ambayo mpaka leo ipo mjini. Mwaka 2015 kazi za wale watatu zilitundikwa Paris. Watoto wa Katuba hawajaiona hata moja, ila samaki wa ukutani kwetu, ambao hawakutokea hewani.

Tunajua jibu linalokuja: mkoa hauna pesa. Mheshimiwa, sisi si wanasheria, lakini tunasoma. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa yanakochimbwa, 15 komini, sekta au mji wa mahali pale, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Malori ya shaba tunayahesabu yakipita. Na tangu masomo ya msingi yawe bure kweli mwaka 2019, tunashukuru kwa moyo wote, mzazi halipi na shule hairuhusiwi kumdai. Ni vizuri. Lakini kuchora na kuimba bado vimo katika programu ya taifa, na hakuna aliyesema nani atavigharamia. Mwalimu hawezi. Wapo hapa walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali, wakingoja toka Kinshasa namba ya kuingia katika orodha ya mishahara. Usituombe tuwaongezee na nyundo.

Basi tunaomba mstari mmoja ndani ya bajeti ya mkoa. Wasanii watatu kwa mwaka wa masomo, mmoja kila trimesta: mchoraji, mfua shaba, mpiga gitaa. Dola 300 kwa mwezi, miezi tisa, ni 2.700. Vifaa, dola 250 kila trimesta, ni 750. Chumba cha zamani cha stoo kitiwe bati, mlango na kufuli, 350. Jumla dola 3.800. Gari lililokuleta linajua bei ya matairi yake.

Masharti tumeyaandika sisi wenyewe. Msanii afundishe nusu siku, nusu nyingine afanye kazi yake mbele ya watoto, na kazi hiyo ibaki mali yake. Mwalimu wa darasa akae naye, ili akiondoka tusibaki na mwembe tu. Mkataba awekeane na mkoa na alipwe tarehe inayojulikana. Pesa isipite mikononi mwa shule wala mwa komite hii. Tunajiamini, lakini tunajuana.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa mwisho wa Septemba. Kutoka leo ni siku tisini hivi. Samahani, hesabu imeangukia hapo yenyewe.

Nakala ya risala hii iko mezani pako. Chini ya ukurasa wa pili tumeacha mstari mtupu kwa ajili ya neno lako, sahihi na tarehe. Kalamu ni ya Mama Direkta, tunaomba irudi. Ngoma ya watoto, ambayo kwa kawaida hutangulia, safari hii tumeiweka baada ya mstari huo.

Tunaomba kuwasilisha.

Komite ya Wazazi