Msimbo wa jeni wa mgonjwa wa selimundu haujaharibika

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tiba mpya ya selimundu niliisoma mara mbili, kisha nikaenda nayo darasani. Imeandikwa kwa utu na nawashukuru. Lakini imo sentensi isemayo kwamba mgonjwa wa selimundu ana "msimbo wa jeni ulioharibika" na kwamba tiba hiyo "inaurekebisha". Mwanafunzi wangu mmoja anayeishi na ugonjwa huu aliniuliza, "Mwalimu, ina maana mwili wangu wote umeandikwa vibaya?" Swali hilo ndilo lililonifanya niwaandikie.

Msimbo ni kitu kimoja, ujumbe ulioandikwa kwa msimbo huo ni kitu kingine. DNA, yaani molekuli ndefu inayobeba jeni (maelekezo ya kurithi ya kutengeneza protini), karibu yote hukaa ndani ya kiini cha seli wala haitoki. Seli inapohitaji protini fulani hunukuu jeni husika katika RNA mjumbe, nakala inayopeleka ujumbe. Nakala ya kwanza huwa na vipande visivyohitajika, navyo hukatwa na vilivyobaki huungwa. Kisha mjumbe hutoka kwenye kiini na kufika kwenye ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ambako husomwa herufi tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni. Kwa kuwa herufi za RNA ni nne, A, U, G na C, kodoni zote ni 64: kati yake 61 husimamia aina 20 za asidi amino, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa protini, na 3 huamuru kukomea hapo. Mpangilio huo, wa kodoni ipi inasimamia asidi amino ipi, ndio unaoitwa msimbo wa jeni. Ni kamusi.

Na kamusi hiyo seli imeihifadhi wapi? Wanafunzi hudhani iko kwenye ribosomu, lakini ribosomu haikagui asidi amino iliyoletwa. Inachohakikisha ni kwamba RNA mchukuzi, ile inayobeba asidi amino, imelingana na kodoni. Kazi ya kumpa kila mchukuzi mzigo wake halali hufanywa mapema na vimeng'enya maalumu. Kwangu mimi hao ndio wafasiri wa kweli wa seli, na nasikitika kwamba vitabu vingi vya shule huwapita kwa mstari mmoja.

Neno la kwanza la kamusi hii lilifahamika mwaka 1961, pale Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walipotumia RNA yenye herufi U tupu na kupata mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Basi UUU ikajulikana maana yake. Baadaye ikaonekana kwamba karibu viumbe wote wanatumia kamusi hiyo hiyo, isipokuwa tofauti chache, kwa mfano ndani ya mitokondria zetu, vyumba vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati. Ndiyo sababu mwaka 1978 wanasayansi waliweza kuingiza maelekezo ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakayasoma sawasawa.

Sasa turudi kwenye sentensi yenu. Kama msimbo wa mtu ungeharibika, makosa yangeingia katika kila protini inayotumia kodoni iliyogeuka maana: za moyo, za ubongo, za misuli, zote kwa pamoja. Mtu huyo asingezaliwa. Mgonjwa wa selimundu ana kamusi nzima, sawa na yangu na yako, Mhariri. Kilichobadilika ni herufi moja katika jeni moja.

Darasani niliandika ubaoni maneno ya herufi tatu tatu: ONA MTO ULE UNA KAA. Nikabadilisha O ya mto kuwa I, ikawa ONA MTI ULE UNA KAA. Maneno mengine yote yamebaki salama, ila kaa sasa wako mtini. Halafu nikarudisha sentensi ya kwanza na kuifuta T peke yake, tukiendelea kusoma tatu tatu: ONA MOU LEU NAK AA. Hapo kila kitu baada ya pengo kimevurugika. Selimundu ni kosa la aina ya kwanza. Katika maelekezo ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, GAG imekuwa GUG. Ribosomu inasoma kwa uaminifu kabisa na kuweka valini mahali pa asidi glutamiki, jambo ambalo Vernon Ingram alilionyesha mwaka 1957. Mnyororo huo una asidi amino 146, na ni ya sita tu iliyobadilika. Lakini valini hukwepa maji, kwa hiyo oksijeni inapopungua molekuli za hemoglobini hushikana na kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda kama mundu.

Kosa la pili la makala yenu ni zito zaidi. Tiba mliyoieleza, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza Novemba 2023, haiigusi herufi hiyo kabisa. Seli shina za damu za mgonjwa, zile zinazozalisha seli za damu, hutolewa na DNA yake kukatwa mahali pengine, kwenye swichi ya jeni iitwayo BCL11A. Kazi ya jeni hiyo ni kuizima hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Ikidhoofishwa, seli hurudi kutengeneza hemoglobini hiyo ya utotoni, ambayo haina kosa na huzuia nyuzi zisijengeke. Ugonjwa unatulia, ilhali GUG ingali pale pale.

Tena hubadilishwa seli za damu tu. Mayai na mbegu za kiume hubaki kama zilivyokuwa, na mtu aliyepona bado atamrithisha mtoto wake herufi hiyo. Msomaji aliyeambiwa kwamba msimbo wake "umerekebishwa" anaweza kuona hana haja tena ya kupima pamoja na mwenzi wake kabla ya kuzaa. Naomba msahihishe jambo hili katika toleo lijalo, kwenye ukurasa ule ule makala ilipotoka.

Mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari