Kwa shoga yangu anayetaka kusafiri

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata pamoja na ile halua, na halua haikufika usiku. Sisi hatujambo. Mama na goti lake vilevile, na mvua imetukuta karafuu ziko jamvini, basi nyumba nzima inanukia na nyumba nzima imenuna.

Umeniuliza nchi gani bora kwa muuguzi wa miaka 33, mwenye mume na watoto wawili. Mie mwisho wa safari zangu Dar, unajua. Lakini ndugu zangu wametapakaa, na fomu zao nimezijaza nyingi kuliko za kwangu.

Nianze na Muscat, maana kaka yupo huko mwaka wa kumi na moja. Mshahara wake haukatwi kodi. Kiswahili anakizungumza sokoni na msikitini, kwa vile Waomani wenye asili ya Unguja ni wengi. Na tangu 2021 mtu akimaliza mkataba anahamia mwajiri mwengine bila kumuomba ridhaa yule wa mwanzo, jambo lililowatesa wengi kabla ya hapo. Lakini ukaazi wake umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, anafunga mabegi. Ndiyo kama mgeni anayewekwa barazani: analetewa kahawa na kashata, anaulizwa hali ya nyumbani, ila haambiwi "pita ndani". Imarati, yaani Dubai na jirani zake, nao hivyo hivyo. Wana ukaazi wa miaka 10 tangu 2019, lakini zaidi ni wa wenye mali na wataalamu wa ngazi za juu. Karibu watu tisa katika kumi huko ni wageni. Kuvuta watu wanajua sana. Kuwafanya watu wa kwao ndiko wasikokutaka.

Kanada wanakupitisha ndani, ila mlangoni wanakuhesabu mpaka meno. Tangu 2015 wanakupanga kwa alama, jumla 1,200. Mwenye mume wa kuongozana naye, umri wa 20 hadi 29 unampa alama 100. Weye kwa 33 unapata 80, ukifika 35 zitakuwa 70, na ukitimiza 45 hakuna kitu. Kwa hivyo huko kusema "mwakani inshallah" kuna gharama. Tangu 2023 wanaita pia kwa makundi: watu wa afya wamo, na wanaojua Kifaransa wamo. Sasa kumbuka ulivyokuwa ukikimbia kipindi cha Kifaransa skuli, ukajificha chini ya mwembe! Nao pia wamejikunja: nyumba zimewapanda bei, wakapunguza idadi ya wahamiaji wa 2025 kutoka 500,000 waliyokuwa wameipanga hadi 395,000. Na ukishaingia, leseni ya uuguzi unaitafuta kwa jimbo utakalokaa.

Ujerumani ndiko ninakokupendelea, ingawa najua utacheka. Wazee wao wamekuwa wengi, wauguzi hawatoshi, wakalegeza sheria 2020 na tena 2023. Tangu Juni 2024 kuna kibali cha kwenda kutafuta kazi mwaka mmoja, kwa alama 6 tu, ila uwe na akiba ya zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi. Hizo hatuna, basi bora upate mkataba ukiwa bado hapa. Kazi kubwa ni lugha. Kwa muuguzi A1, yaani ngazi ya mwanzo ya lugha, haikufikishi popote, watataka B1 au B2, ngazi za kati. Baada ya miaka mitano unaweza kuomba uraia, na wao sasa wanakubali ubaki na wa kwenu. Asiyekubali ni Tanzania. Siku utakayoapa huko, pasipoti yetu hii imekufa, na shamba la marehemu baba yako utalirudia kama mgeni.

Huyo wakala aliyekuomba pesa kwa kusema katumwa na hospitali ya Uingereza, mkimbie. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba wa watu wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza kuja kuchota wauguzi katika nchi hizo. Kuomba mwenyewe moja kwa moja unaruhusiwa. Ukiambiwa basi uingie kwa kazi ya kutunza wazee, mlango huo waliufunga kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025.

Marekani sikuandikii. Maisha ya watu hayapangwi kwa bahati nasibu ya viza.

Linalonichekesha, na sisi tumo katika biashara hii ya kuvuta wageni. Mgeni akinunua nyumba ya dola 100,000 Fumba, huko Unguja, anapewa ukaazi, na Bweleo Wahindi wamefungua chuo chao cha teknolojia tangu 2023. Wao wanakuja na weye unatoka; huenda mkapishana bandarini.

Zungumza na mume wako kwanza, maana hukuniandikia kama anajua. Kisha nitumie nakala za vyeti kwa boti ya Alkhamisi, na cheti cha ndoa kisiachwe. Mwalimu wa Kijerumani nitamuulizia huko huko Unguja, huku kwetu hayupo.

Wasalimie watoto. Sufuria ya halua nitairudisha na karafuu ndani, zikikauka.

Shogayo