Mwezi mmoja haumtoshi mama aliyeasili mtoto

Mhariri,

Likizo ya mama anayeasili mtoto yafaa itazamwe upya. Sheria ya Ajira ya Kenya, iliyorekebishwa 2021, inampa mwezi mmoja tu, ilhali aliyejifungua ana miezi mitatu.

Wengi hawajui kuwa hata ambaye hakujifungua anaweza kunyonyesha. Dada yangu alibandika mrija mwembamba wa maziwa ya kopo kando ya chuchu, mtoto akavuta usiku na mchana, hadi wiki ya tano matone yake mwenyewe yakaanza kutoka. Tayari alikuwa amerudi kazini! Maziwa huja mtoto akinyonya mara kwa mara. Mama aliye ofisini kutwa atayapata vipi?

Bunge liongeze likizo hiyo ifike miezi mitatu, na wauguzi wa kliniki wafunzwe kuwaelekeza kina mama hawa.

Msomaji, Nakuru