Hendibreki inaanzia kwenye tairi, sio kwenye mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenzangu wenye magari ya zamani hapa Dar, na mafundi pia, maana kila nikipita mtaani naona mawe chini ya matairi na nikiona jiwe najua hapo hendibreki haipo.

Mi naishi Goba, kule kwetu kupata sehemu tambarare ya kupaki ni bahati, barabara ni kupanda na kushuka, na ninayo Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 aliyoniachia marehemu baba. Masika iliyopita niliipaki mbele ya duka, nikavuta hendibreki mpaka ikagota juu, nikaingia kununua mkate. Hata chenji sijapewa nasikia watu wanapiga kelele gari gari gari, kutoka nje naiona inarudi nyuma yenyewe taratibu, ikapita katikati ya mabinti waliokua wanacheza rede, ikaenda kuishia kwenye ukuta wa jirani. Hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu, ila binti mmoja aliruka pembeni ikiwa imebaki hatua moja imfikie na mpaka leo nikifumba macho namuona.

Kinachoniuma ni kwamba wiki tatu kabla ya hapo nilikua nimetoka gereji kwa ajili ya hendibreki hiyohiyo. Fundi alifunua kile kiraba cha chini ya mkono wa hendibreki, akakaza nati mbili, dakika tano hazikuisha, akaniambia tayari bosi. Na kweli siku ile ilishika sana. Baada ya hapo gari ikawa nzito, inakula mafuta, nikifika nyumbani tairi za nyuma zinanuka kuungua, mi nikadhani ni foleni na joto la Dar. Kumbe breki za nyuma zilikua zinashika muda wote hata mkono nikiwa nimeushusha, laining, yani ule utando wa kusugua wa kwenye breki, zinaisha njiani, na zilipoisha hendibreki ikalegea kuliko mwanzo. Nimeongea na watu wengi wenye gari kama yangu na karibu wote wametengenezewa hivyohivyo, ndo maana naandika.

Kwenye Beetle hendibreki ni nyaya mbili tu, kila mmoja unaenda kwenye tairi lake la nyuma, zinapita ndani ya lile tuta la katikati ya gari. Mafuta ya breki hazihusiani nayo kabisa, kwa hiyo siku mafuta yakivuja pedeli ikazama mpaka chini, ulichobaki nacho ni huo mkono. Ila huo waya unasukuma brekshuu zilezile za pedeli, yani vile vyuma vya mviringo vilivyobeba laining, ziende kukutana na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Brekshuu zikishalika zinakua mbali na dramu, sasa wewe ukikimbilia kukaza waya unakua unazivuta kwa nguvu zikae karibu muda wote, ubovu uko palepale na mkono unakudanganya kwamba gari imepona. Ni lazima uanze kwenye tairi, waya uje mwisho.

Baada ya ile ajali nilimpa fundi mwingine abadilishe brekshuu, hiyo kazi sikuithubutu nyumbani maana nati ya kati ya dramu ni namba 36 na imekazwa vibaya mno. Ila kuajasti nilifanya mwenyewe uani na mdogo wangu, Jumamosi asubuhi, na mtu yeyote mwenye subira anaweza. Tuliipaki kwenye sakafu ya zege, sio kwenye mchanga, tukazuia tairi za mbele kwa magogo huku na huku, gia tukaiacha huru, mkono chini, tukanyanyua nyuma kwa jeki na kuiweka juu ya stendi za chuma. Tafadhali sana msiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Halafu nikalegeza zile nati mbili za waya kabisa, waya ukawa hauna kazi.

Nyuma ya kila tairi kwenye bati la breki kuna vitundu viwili vimezibwa na viraba, ukichungulia utaona kigurudumu kidogo cha meno kama nyota, kila brekshuu ina chake. Unaingiza bisibisi bapa unazungusha huku mwenzio anazungusha tairi kwa mkono, mpaka tairi igome, halafu unarudisha meno matatu au manne mpaka izunguke huru. Cha pili kinazunguka kinyume na mwenzake, hapo wengi wanachanganyikiwa wanadhani kimeganda wanaanza kugonga kwa nyundo. Ukimaliza kanyaga pedeli mara kadhaa brekshuu zikae sawa, kisha zungusha tairi tena uhakikishe.

Ndo sasa unaenda kwenye waya, spana namba 10, na ncha ya waya ina mfereji wa bisibisi, ishikilie isizunguke na nati kwa sababu waya ukijisokota nyuzi zinaanza kukatika mmoja mmoja. Kaza kidogo kidogo pande zote. Ukivuta mkono wa hendibreki meno mawili, yani ikilia mara mbili, tairi zote mbili ziwe nzito sawasawa, ukifika meno manne mtu asiweze kuzizungusha kwa mkono. Kisha shusha mkono na uzungushe tena, lazima ziwe huru kabisa, na hili ndo halikufanyika kwenye gari yangu, lingefanyika ule moto wa tairi tungeujua palepale gereji. Kama nati imefika mwisho wa skrubu yake na bado haishiki, waya umevutika, nunua mwingine Gerezani au Kariakoo, usiweke washa za kujazia.

Jambo jingine ni vumbi la kwenye dramu. Laining za zamani nyingi zilitengenezwa na asbesto, na lile vumbi ukilivuta linaharibu mapafu, sasa mafundi wetu wanalipuliza kwa kompresa au kwa mdomo na vijana wa kujifunza kazi wamesimama pembeni. Lowanisha, futa kwa kitambaa, kitambaa tupa.

Na sisi wa pwani tuna chumvi. Naenda Kigamboni kwa pantoni mara kwa mara, pale gari zimebanana bampa kwa bampa na waenda kwa miguu wamesimama katikati yake na mizigo yao, chombo kinayumba, kilichowakinga watu wale ni waya mwembamba unaokula kutu. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika tunahangaikia taa, vioo na stika, hendibreki hatuikumbuki, na kuipima ni kupaki kwenye mlima, gia huru, mguu wako uko tayari juu ya pedeli, unaangalia kama inakaa.

Wenye Land Rover za zamani msifuate haya ya kwangu, zenu hazishiki tairi, zinashika shafti inayopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma, kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki gari inaweza kuondoka hata kama hendibreki umevuta. Namuomba mmoja wenu anayejua vizuri aandike hapahapa aeleze hatua zake, na mwenye Peugeot 504 naye tunamsubiri.

Msomaji wenu,
Goba, Dar es Salaam