Shangazi, kinachoua mgomba huku si barafu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na tunaomba barua hii iwakute nyote salama.

Umeuliza mgomba, mlimau na mchaichai vinaishije kwenye nchi ambayo maji yanaganda ndooni, tena ukasisitiza nisikujibu kwa mkato. Basi kaa vizuri. Ukimaliza kusoma mpe mdogo wangu aisome kabla hajafunga mizigo, maana yule hatamaliza mwezi huku bila kuwa na mche dirishani.

Nianze na neno vuli, maana ndiyo majira ya kuiandaa mimea kabla ya baridi. Vuli ya huku haihusiani na mvua za vuli. Ni majira ya majani kupukutika: Septemba hadi Novemba kwa nchi za kaskazini mwa dunia, Machi hadi Mei kwa zile za kusini. Mchana unafupika, jua linapita chini chini, na usiku unapoa kidogo kidogo kiasi kwamba mtu hashtuki. Wengi hungoja maji yagande ndipo waikimbilie mimea. Wakati huo imeshaumia zamani.

Sababu iko ndani ya jani. Utando unaozunguka kila seli una mafuta, na kwenye joto mafuta hayo ni laini. Joto likishuka chini ya nyuzi 12 au 10 za Selsiasi, ya mimea yetu huanza kukakamaa, kama mafuta ya nazi yanavyogandia chupani asubuhi ya baridi. Utando uliokakamaa huvuja. Usiku wenyewe huoni kitu. Siku mbili tatu baadaye yanatokea mabaka ya majimaji, yanageuka kahawia, na mwenye mmea anaanza kutafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Kila mmea una kiwango chake. Mgomba wa ndizi huacha kukua kwenye nyuzi 14 hivi, ingawa haufi. Tangawizi na kiazi kitamu huharibika chini ya 12, hata vikiwa vimeshavunwa na kuwekwa ghalani. Mlimau ni mvumilivu, unakaa raha kwenye 5 hadi 10, na bogenvilia vilevile mradi udongo wake uwe mkavu. Mpapai nao ni mdekaji sana. Anayetaka kanuni moja ya vyungu vyote ashike hii: usiku mara tatu mfululizo ukishuka chini ya 12, anza kuhamisha.

Lakini Shangazi, mimea mingi inayotupwa jalalani huku haikuuawa na baridi peke yake. Iliuawa na maji yaliyokaa kwenye udongo wa baridi. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13, mizizi ya mmea wa joto karibu inaacha kunywa. Maji uliyomwaga Jumatatu yapo palepale Jumatatu ijayo, yamejaza nafasi za hewa, na mizizi isiyopata hewa huanza kufa ncha. Vimelea vya kuozesha vinaingilia hapo hapo. Mizizi ikioza, majani yananyong'onyea, na majani yaliyonyong'onyea yanafanana kabisa na ya mmea wenye kiu. Mwenye mmea anaona huruma, anaongeza maji. Wiki mbili baadaye ukiukamata kwa shina unachomoka kama karoti, mizizi ni kahawia, ganda lake la nje linavuliwa kwa vidole likaacha uzi katikati, na harufu ni ya kinamasi.

Kwa hiyo kazi ya vuli inaanza na kupunguza maji, kabla hata ya kufikiria blanketi. Mbolea yenye naitrojeni isimamishwe wiki sita hivi kabla ya baridi, kwa sababu machipukizi machanga ndiyo ya kwanza kuungua. Maji yatolewe tu kidole kikizama sentimita 5 kwenye udongo kikatoka kikavu. Njia bora kuliko kidole ni kunyanyua chungu: cha maji ni kizito, kikavu ni chepesi, na baada ya mara tatu nne mkono unajua wenyewe. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 20 hivi, yamwagwe hadi yatokee chini, kisha yaliyobaki kwenye sahani yatolewe baada ya nusu saa. Chungu kisikae juu ya sakafu ya saruji. Kipandishe juu ya ubao, au ule ubao wa povu jepesi linalofungiwa televisheni mpya.

Kuhamisha nako kuna adabu yake. Jani lililokua juani nje limejengwa kwa mwanga mwingi. Ndani ya nyumba, hata karibu na dirisha, linapata sehemu ndogo tu ya mwanga ule. Mmea ukitolewa juani ukaingizwa sebuleni siku hiyo hiyo, hupukutisha majani. Uhamishe kwa hatua ndani ya siku 7 hadi 10: kwanza kivuli chepesi, kisha barazani, kisha ndani usiku na nje mchana, mwisho ndani moja kwa moja. Haya yafanyike kabla hita hazijaanza kuwashwa. Hita ikishawaka, hewa ya ndani inakauka sana, na mmea unapata mapigo mawili kwa pamoja, giza na ukavu.

Kabla ya kuvuka mlango kuna ukaguzi wa wadudu. Nje wanaliwa na wadudu wenzao, na mvua inawaosha. Ndani hawana adui, wanazaana kwa raha zao. Geuza kila jani uangalie chini. Vidukari na inzi weupe wanaonekana wazi. Vidung'ata hujificha kwenye kwapa za majani kama vipamba. Wadudu gamba hushika shina kama vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha. Utitiri ni mdogo mno: gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, na vumbi likianza kutembea, ndio wenyewe. Dawa yangu ya kwanza ni bomba la maji, kisha sabuni laini ya maji, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja, inyunyizwe jioni mpaka chini ya majani palowe, irudiwe kila baada ya siku 5 hadi 7 mara tatu. Mara moja haitoshi, kwa kuwa sabuni inaua aliyeguswa tu na mayai yanabaki. Chungu chenyewe nacho kizamishwe kwenye ndoo ya maji kwa dakika 15, sisimizi watoke.

Yasiyohamishika yanafunikwa. Usiku wa hatari ni ule wa mbingu safi bila upepo, wenye nyota nyingi. Ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani, hewa baridi nzito inalala chini, na kipimajoto kilichotundikwa usawa wa macho kinaweza kusoma nyuzi 3 huku majani ya chini yameshikwa na jalidi, ule umande ulioganda mweupe. Kipimajoto kiwekwe usawa wa mmea. Mawingu yakiwepo, hayo ndiyo blanketi lenyewe, lala usingizi.

Huku kuna kitambaa cheupe chepesi kisichofumwa, kinachopangwa madaraja kwa uzito wake. Cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinaongeza takriban nyuzi 2, cha gramu 30 kinazidi kidogo. Shuka kuukuu nalo linafaa likiwa kavu. Siri ni kwamba kitambaa hakitengenezi joto, kinazuia tu lile linalopanda kutoka ardhini. Lazima kishuke hadi chini na kikandamizwe kwa mawe pande zote. Ukikusanya kitambaa ukakifunga kiunoni mwa mmea, kama mtu anayefunga kanga, joto la ardhi linabaki nje na umefunika bure. Nailoni nayo ina hila yake: jani linaloigusa huungua palepale inapogusa, kwa hiyo itandazwe juu ya miti iliyosimamishwa. Udongo wa bustani ukiwa mkavu sana, umwagilie mchana, maana udongo wenye unyevu unahifadhi joto zaidi kuliko mkavu. (Najua nimesema maji yanaua. Hapa nasema udongo wa bustani unaopitisha maji, wala si wa chungu.) Asubuhi funua, la sivyo jua linapika na ukungu unaingia.

Sasa mgomba. Unaobaki nje mwaka mzima ni aina moja hasa, Musa basjoo, wenye asili ya kusini mwa China. Usitamani ndizi zake, ni vidole vya mbegu tupu. Shina lake la juu hustahimili baridi kidogo tu, ila tunguu, yaani kile kisiki kilicho udongoni, likifunikwa vizuri huhimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Kazi yake ni hivi. Subiri jalidi ya kwanza iyaunguze majani yawe meusi. Kukata mapema ni kuunyima chakula cha bure. Kata majani yote, acha shina la mita moja hadi moja na nusu. Tandaza majani makavu kuzunguka kisiki, unene wa sentimita 20 hadi 30. Simamisha wavu wa kuku kuzunguka shina, ukiacha nafasi ya sentimita 20 kila upande, kisha jaza nyasi kavu mpaka zifunike kilele. Juu weka kifuniko cha nailoni au bati, mvua isiingie. Pembeni usifunge nailoni kamwe. Shina la mgomba ni maji matupu, nalo lazima lipumue. Likifungwa pande zote linaoza na Machi unafungua uji. Hata ukifanya sawasawa, ncha ya juu mara nyingi huoza sentimita chache. Kata vipande vyembamba kushuka chini hadi uone moyo mweupe mgumu, na jani jipya litasukuma kutoka katikati.

Ensete, ule mgomba mnene unaolimwa Ethiopia kwa ajili ya tunguu na shina lake, hauwezi kulala nje. Ung'oe na donge la udongo, kata majani yote isipokuwa lile changa la katikati, usimamishe kichwa chini siku mbili tatu ili maji yaliyotuama kwenye makuti yachuruzike, kisha uviringe kwa magazeti na uuweke mahali pakavu penye nyuzi 5 hadi 10. Usiupe maji hadi machipuko, yaani majira ya majani kuchipua baada ya baridi. Anayeruka hatua ya kichwa chini hukuta kitovu kimeoza.

Magimbi ni rahisi. Chimbua baada ya majani kunyauka, kata juu ukiacha sentimita 5, kausha kivulini siku chache, panga kwenye boksi la maranda makavu bila kugusana, penye nyuzi 7 hadi 12. Kagua kila mwezi, laini litolewe kabla halijaambukiza jirani. Tangawizi iache humo humo chunguni bila maji, lakini ndani penye nyuzi zaidi ya 13. Mchaichai kata hadi sentimita 15, gawa mafungu ya mashina matatu hadi matano yenye mizizi, panda kwenye vyungu vidogo na weka dirisha lenye mwanga kuliko yote. Pilipili punguza hadi matawi makuu yenye urefu wa kidole, ondoa majani yote, na usitishike ukiona kijiti kitupu.

Mlimau ndio unaowaliza watu. Unaingizwa ndani mzima, na katikati ya baridi unamwaga majani ya kijani, hata hayajawa ya njano. Chungu kiko sakafuni kwenye baridi, mizizi imelala. Jua linapenya kioo na kuyapasha majani, yanadai maji, mizizi haitoi. Mti unajiokoa kwa kuyatupa. Tiba ni kuweka mti mzima kwenye hali moja. Ama chumba cha baridi chenye mwanga, nyuzi 5 hadi 10, na maji kwa nadra. Ama chumba cha joto chenye chungu kilichoinuliwa na taa ya mimea sentimita 30 juu yake, ikiwaka saa 12 hadi 14 kwa siku. Kuchanganya mguu baridi na kichwa moto ndiko kunakomwaga majani. Na kama yameshamwagika, usiongeze maji. Mti usio na majani hunywa kidogo sana.

Machipuko yakifika, kurudi nje ni kama kuingia, kwa hatua za siku 7 hadi 10 kuanzia kivulini, kwa sababu majani yaliyozoea dirisha huungua juani siku ya kwanza na kubaki na mabaka meupe. Tena usiku uwe umetulia juu ya nyuzi 10 hadi 12. Siku moja ya jua kali mwezi Aprili isimdanganye mtu.

Ukiwa na swali lolote niandikie. Nasubiri pia jibu lako kuhusu machipukizi ya mgomba, maana huku watu wanabishana kama yaachwe mawili au matatu, na wewe ndiye unayejua.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Mwanao wa ughaibuni