Valvu Mpya za Nguvu Kwenye Amplifaya ya Gitaa: Jinsi Tunavyozichagua na Kuzizoeza

Wateja wengi hutuletea amplifaya siku chache baada ya kununua valvu mpya (mirija ya kioo inayokuza sauti) na kuzichomeka wenyewe, wakilalamika kwamba inavuma, inaunguza fyuzi, au kwamba bamba lililo ndani ya kioo limeiva likawa jekundu. Mara nyingi valvu hizo hazikuwa na kasoro zilipotoka dukani. Kilichokosekana ni kupimwa kwa mkondo unaopita ndani yake, na hatua hiyo ndiyo inayoamua kama valvu itadumu au itakufa mapema.

Uchaguzi unaanza na aina ya valvu ambayo amplifaya ilitengenezewa. Marshall JCM800 ya wati 50 kwa kawaida hutumia EL34 mbili, Fender Twin Reverb hutumia 6L6GC nne, na Vox AC30 hutumia EL84 nne. EL34 na 6L6GC huingia kwenye soketi ileile ya pini nane, na hapo ndipo watu hudanganyika. Filamenti, yaani waya unaopasha moto valvu, ya EL34 hula ampea 1.5 kwa volti 6.3, ilhali ya 6L6GC hula ampea 0.9 tu, kwa hiyo transfoma iliyokusudiwa 6L6GC inaweza kuelemewa na kuungua. Isitoshe, pini namba 1 ya EL34 ni ya gridi ya tatu (gridi ni wavu wa waya ulio ndani ya valvu), ambayo kwa kawaida huunganishwa na kathodi, sehemu inayotoa elektroni, wakati kwenye 6L6GC pini hiyo haina kazi, na katika baadhi ya amplifaya haijaunganishwa na chochote. Ndiyo maana hatukubali kubadilisha aina kabla ya kufungua amplifaya na kukagua nyaya zake.

Kuhusu majina, valvu za zamani za Mullard kutoka Blackburn, Uingereza, zinasifiwa kwa haki, lakini jina hilohilo leo limechapishwa pia kwenye valvu zinazotengenezwa Urusi. Kwa bendi inayopiga kila wiki, tunapendekeza jozi mpya iliyopimwa badala ya valvu kongwe ambayo hakuna ajuaye imetumika saa ngapi. Jozi iliyopimwa maana yake ni valvu mbili zinazopitisha mkondo unaokaribiana zikipewa volti zilezile. Zikitofautiana sana, mvumo huongezeka, na kiini cha transfoma ya kutolea sauti hubaki na usumaku wa upande mmoja unaodhoofisha besi.

Kisha inakuja bayasi, yaani volti hasi ya gridi inayodhibiti mkondo huo. Baadhi ya amplifaya, AC30 ikiwa mojawapo, hujirekebisha zenyewe kwa rezista iliyo kwenye kathodi, ingawa hata hizo tunazipima. Nyingine, kama JCM800, lazima zirekebishwe kwa mkono. EL34 ina kikomo cha wati 25 kwenye bamba, nasi hatuvuki asilimia 70 ya kikomo hicho wakati amplifaya imewashwa bila kupigwa, yaani wati 17.5. Bamba likiwa na volti 450, mkondo wake usizidi miliampea 38 kwa kila valvu.

Hesabu hiyo haina maana kama umeme wa ukutani haukuangaliwa. Amplifaya iliyoletwa kutoka nje ikiwa imewekwa kwenye volti 220, kisha ikachomekwa kwenye 240, volti 6.3 za filamenti hupanda hadi karibu 6.9, na zile 450 za bamba hukaribia 490. Tunaomba sana mteja atueleze amplifaya inatumika wapi, na kama kuna jenereta.

Wapo wanaoamini kwamba valvu mpya lazima ipigwe saa nyingi ili sauti yake ikomae. Sisi tunazizoeza kwa sababu nyingine: mkondo huyumba katika saa za mwanzo, na valvu mbovu kwa kawaida hujionyesha mapema. Tunaiacha amplifaya ikiwa imewashwa, spika ikiwa imeunganishwa, tukitazama mabamba na kupima mara kwa mara. Baadaye tunaipiga kwa sauti ya wastani, kisha tunapima upya na kurekebisha bayasi. Rangi ya fedha iliyo ndani ya kioo ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo hairekebishiki.

Tafadhali usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, wala usiifungue nyumbani, kwa kuwa kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomolewa. Unapotuletea, njoo pia na valvu za zamani, hata zilizokufa, kwa sababu moja ikiwa imechakaa kuliko mwenzake tutajua soketi ipi ya kuichunguza kabla hatujaweka mpya.