Barua ya wazi kwa vijana mnaotusimulia Malkia Tamar

Wajukuu zangu,

Marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Nimesikiliza simulizi yenu ya Malkia Tamar wa Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasi, mpaka mwisho, na nimeudhika. Nusu nzima ni macho yake na uzuri wake. Kisha mkasema aliolewa na mwana wa mtawala wa Kirusi, "wakapendana, wakaachana". Nani kawaambia walipendana?

Kaeni niwaeleze. Tamar alitawazwa baba yake, Giorgi wa Tatu, angali hai, mwaka 1178. Mzee alipofariki mwaka 1184 akabaki peke yake kitini, na wakuu wakaingiwa na kiherehere: ufalme unataka jemadari, unataka mrithi. Wakamtuma mfanyabiashara, Zankan Zorababeli, akamlete Yuri, mwana wa Andrei Bogolyubsky, mtawala wa Vladimir huko Urusi, kijana aliyefukuzwa kwao akawa anaishi kwa Wakipchak, wafugaji wa kuhamahama wa nyika za kaskazini. Waandishi wa enzi yake wanasimulia kwamba Tamar aliomba wangoje kwanza, maana tabia ya mtu huyu hawaijui. Wapi! Mwaka 1185 harusi ikafungwa. Mshenga mchuuzi, bwana harusi mkimbizi, bibi harusi kalazimishwa. Hayo mapenzi yalipitia mlango gani?

Vitani Yuri alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Lakini ulevi na mwenendo wa aibu vilizidi, na mwaka 1187 ndoa ikavunjwa, akapelekwa Constantinople, mji mkuu wa dola ya Bizanti. Malkia wa Kikristo, karne ya 12, kumwacha mume! Hapo ndipo mngetulia, nyinyi mkapapita kwa sentensi moja. Mwaka 1191 Yuri akarudi na uasi, wakuu wa magharibi wakimuunga mkono. Tamar akawashinda, wala hakumuua. Mume wa pili alimchagua mwenyewe: David Soslan, mwanamfalme wa Waalani, majirani wa kaskazini, aliyelelewa na Rusudan, shangazi yake Tamar. Huyo ndiye aliyemshindia vita vya Shamkor mwaka 1195.

Wanawake wengine wa ufalme huo hamkuwagusa kabisa. Mariam, mama yake mfalme Bagrat wa Nne aliyetawala kabla ya Tamar, alikwenda mwenyewe Constantinople kumposea mwanawe. Maria binti Bagrat aliolewa na makaisari wawili wa Bizanti, mmoja baada ya mwingine. Gurandukht aliolewa na mfalme David wa Nne, na watu wa baba yake, Wakipchak, wakawa jeshi la mfalme.

Mmoja hunitia simanzi. Rusudan binti Tamar, naye akiwa malkia na Wamongolia wakiwa wamemfikia, alimwoza binti yake kwa Kaykhusraw wa Pili, sultani wa Waseljuki wa Rum, Waturuki Waislamu. Kasichana kale kakatumwa ugenini kuwa kinga ya ufalme wa mama. Baadaye alisilimu, wakamwita Gurji Khatun, akawa miongoni mwa waliomsaidia mshairi Jalaluddin Rumi kule Konya, mji wa masultani hao.

Lawama si yenu peke yenu. Shule zetu zimewazoesha kwamba mwanamke huingia katika historia akiwa mke wa fulani.

Basi, simulizi ijayo ianze na Khuashak Tsokali na Kravai Jaqeli. Wafuasi wa Qutlu Arslan, waziri wa hazina, walipoasi wakitaka kumpunguzia malkia mamlaka, Tamar aliwatuma wanawake hao wawili kujadiliana nao, na waasi wakatulia. Na ile picha ya mwigizaji mliyomwekea Tamar, iondoeni leo. Sura yake imechorwa ukutani Vardzia, monasteri ya mapangoni huko Georgia, amevaa taji, yuko na baba yake.